Mtoto wa Kupakatwa Naye ni Abiria

Katika vituo vya magari humu nchini kuna kauli moja ambayo hakuna msafiri asiyeijua: "Huyo mtoto apakatwe." Utingo huitamka bila nia mbaya, naye mama huitii bila kuuliza. Maana yake ni kwamba mtoto hakulipiwa nauli, na asiyelipiwa nauli hana kiti. Kwa kauli hiyo fupi, binadamu aliyezaliwa juma lililopita huondolewa katika hesabu ya abiria na kutiwa katika hesabu ya vitu vidogo vidogo visivyotozwa fedha, pamoja na mkoba na chupa ya chai. Mimi ni mwalimu wa isimu, na riziki yangu imetokana na kuyachunguza maneno. Ni machache niyajuayo yanayotenda jambo zito kiasi hicho kwa upole kiasi hicho.

Wala nisieleweke vibaya. Kupakata ni neno zuri, na tendo lenyewe ni zuri zaidi. Kiswahili kimejaa vitenzi vya kumshika mtoto: mama humpakata mwanawe mapajani, humweleka mgongoni kwa mbeleko, humkumbatia kifuani, humbembeleza akilia. Lakini vitenzi hivi vyote vilizaliwa mkekani, barazani na katika njia za miguu. Vinamchukulia anayeshika kuwa ametulia, au anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Hata neno abiria, lenye asili ya Kiarabu na lenye undugu na kitenzi kuabiri, lilitujia kutoka baharini, kwa watu waliovuka maji kwa vyombo. Jahazi huyumba, hupanda na kushuka na mawimbi, lakini aghalabu halisimami ghafla. Gari husimama ghafla.

Kuna neno jingine linalotuponza, nalo ni ajali. Katika Kiarabu asili yake ni muda uliowekwa, siku ya mtu kufikia mwisho wake. Kiswahili kililitwaa pamoja na maana hiyo, kisha kikalitumia pia kwa kugongana kwa magari. Ndiyo maana husemwa kwamba ajali haina kinga, na mazungumzo yakaishia hapo. Muumini ana haki ya kuamini kwamba siku yake imeandikwa, nami sina ugomvi naye. Ila yanayotokea ndani ya gari linaposimama ghafla yameandikwa pia katika vitabu vya fizikia vya shule za upili, na humo kinga ipo.

Mwalimu wa fizikia na aiandike ubaoni. Mtoto ana uzito wa kilo 3.5. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde, mwendo ambao madereva wetu wengi wangeuona kuwa wa kinyonga. Likigonga kitu na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, kila kilichomo ndani husukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia mara 14 ya uzito wake. Mikono ya mama, iliyokuwa imeshika kilo 3.5, ghafla yatakiwa kuzuia mzigo wa karibu kilo 50. Huo ni mfuko mzima wa saruji, tena umerushwa bila onyo. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao kidhibiti-mwendo cha matatu huruhusu, mzigo huo hukaribia kilo 80. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini uchungu hauongezi nguvu za mkono.

Isitoshe, iwapo mama mwenyewe hakufunga mkanda, yeye ndiye atakayembana mwanawe dhidi ya kiti cha mbele. Na wale wanaodhani kwamba suluhisho ni kuuzungusha mkanda mmoja juu ya mama na mtoto wafahamu kwamba wameibadilisha hatari tu, kwani mwili wa mtu mzima utamkandamiza mtoto kwenye mkanda huo huo.

Tutakumbuka kwamba kanuni za mwaka 2003, ambazo Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, alianza kuzitekeleza kwa ukali Februari 2004, ziliyataka magari ya abiria yawe na mkanda katika kila kiti. Wenye magari walilalamika sana. Hata hivyo, nadhani kanuni hizo ni miongoni mwa mambo ya busara kuwahi kufanyika katika barabara zetu. Lakini fikra yake ilikuwa kiti kimoja, mkanda mmoja. Mtoto wa kupakatwa, maadamu hakuwa na kiti, mkanda ule haukumfikia.

Mwili wa mtoto mchanga haufanani na wetu uliopunguzwa ukubwa. Kichwa chake ni takriban robo ya urefu wake wote, na shingo inayokibeba bado haina nguvu. Akikaa kuelekea mbele, gari linaposimama ghafla kiwiliwili huzuiwa na mikanda ilhali kichwa huendelea na safari. Jibu lilipatikana Uswidi katika miaka ya 1960, wakati Bertil Aldman, mtaalamu wa usalama barabarani, alipoangalia jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali katika vyombo vyao ili nguvu ya kurushwa igawanywe mgongoni kote. Aliona kwamba mtoto naye aweza kulindwa hivyo hivyo, akibuni kiti kinachoelekea nyuma ya gari. Gari likigonga kwa mbele, mgongo, shingo na kichwa cha mtoto huegemea kiti kwa pamoja, pasiwe na kiungo kinachovutwa peke yake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 kuhusu viti hivi inataka mtoto aelekee nyuma hadi apite umri wa miezi 15. Kiti hicho, kikitumiwa ipasavyo, hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa zaidi ya nusu. Kumbe ajali ina kinga.

Naam, kikitumiwa ipasavyo. Nimeona magari ya jamaa wenye uwezo, yenye magurudumu ya kung'aa na redio ya kutikisa mtaa mzima, kiti cha mtoto kikiwa kimewekwa ndani kama pambo, bila kufungwa popote. Kiti hufungwa kwa mkanda wa gari hadi kisiweze kusogezwa ovyo, tena katika kiti cha nyuma. Kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko huo hulipuka kwa kasi kubwa na kukipiga kiti cha mtoto mgongoni, mahali hasa kilipo kichwa chake. Mikanda ya kiti chenyewe hutoka usawa wa mabega ya mtoto au chini yake kidogo, na hukazwa hadi usiweze kuufinya utepe wake begani ukapata kikunjo. Marinda ya blanketi na sweta nene yasiwe kati ya mikanda na mwili, kwa kuwa hubonyea papo hapo na kuacha nafasi ya mtoto kuchopoka. Mfunge kwanza, kisha mfunike juu ya mikanda. Na tafadhali, leso isitandazwe juu ya kiti kizima eti kumkinga na jua. Humzuilia hewa, na anayemwangalia hawezi tena kuuona uso wake.

Hapa nafikia jambo ambalo hata walionunua kiti huwa hawalijui, nalo ndilo linaloitofautisha safari ndefu na safari ya sokoni. Kiti kinachomlinda mtoto kwa saa moja chaweza kumdhuru kwa saa tano. Mtoto mchanga aliyekaa nusu wima huinamisha kichwa hadi kidevu kikaegemea kifua, na njia yake ya hewa, ambayo ni nyembamba, hujibana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliwaweka watoto wachanga katika kiti kilichotikiswa kama gari liendalo, wakaona kiasi cha oksijeni mwilini kikipungua na mapigo ya moyo yakiongezeka. Ushauri uliokubalika ni kwamba mtoto asikae kitini kwa zaidi ya saa 2 mfululizo, na katika majuma ya mwanzo muda uwe mfupi zaidi, nusu saa hivi kila panapowezekana. Aliyezaliwa kabla ya siku zake asisafirishwe mbali kabla ya daktari kuulizwa. Mtu mzima akae nyuma kando yake, amefunga mkanda, akiangalia uso na pumzi zake. Dereva hawezi kazi mbili.

Fikiria basi safari ya Nairobi hadi Mombasa, kilomita 480 na ushei. Dereva mwenye papara huihesabu kwa saa 6. Mwenye mtoto mchanga na aihesabu kwa siku mbili, au aiahirishe. Mtoto wa umri huo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na asinyonyeshwe gari likienda, kwa sababu kunyonyesha ni kupakata. Kwa hiyo gari lisimame Emali, lisimame Makindu, ambako hekalu la Wasikhi limewapa wasafiri chakula na malazi bila malipo kwa miaka mingi, lisimame Mtito Andei, takriban katikati ya njia. Kila mara mtoto atolewe kitini, anyoshwe, anyonyeshwe, abadilishwe nepi. Mama naye atembee kidogo, hasa aliyejifungua kwa upasuaji, maana damu huganda miguuni kwa urahisi katika majuma yanayofuata uzazi. Jua la Voi lisimshawishi mtu kumnywesha mtoto maji: hadi atimize miezi 6, maziwa ya mama yanatosha. Wala asiachwe hata dakika 5 ndani ya gari lililoegeshwa, kwani mwili wake hupata joto kwa haraka mara kadhaa kuliko wetu. Waendao magharibi wana shida iliyo kinyume, yaani baridi ya Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari.

Wengine husafiri usiku kwa hoja kwamba mtoto atalala. Atalala kweli, lakini na dereva naye hutamani kulala. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa katika barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, watu 36 wakafa. Giza la barabara ile silitamanii hata kwa watu wazima.

Najua swali linalomjia msomaji. Mwalimu aliyeajiriwa mbali na kwao, ambaye hana gari, atafanyaje? Na yule mwanafunzi wa chuo kikuu aliyejifungua katikati ya muhula na anayetakiwa nyumbani kwa mama yake? Sitamdanganya yeyote kwamba matatu ya viti 14 inaweza kufanywa mahali salama pa mtoto wa siku kumi. Jibu la kwanza ni kutosafiri. Desturi ya arobaini, ambayo watu wa Pwani wameihifadhi na sisi wengine tukaicheka, humweka mzazi nyumbani siku 40. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi 3, na haisemi popote kwamba sharti ianzie barabarani. Nyanya asiye na kichanga mikononi anaweza kupanda basi kuja mjini, badala ya mzazi mwenye mshono kumpelekea mjukuu. Kwa wa Mombasa, kuna reli iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo ina nafasi ya kusimama na kunyonyesha.

Safari isipoepukika, basi kiti kilipiwe. Wazazi wawili wakinunua tiketi tatu, kiti cha mtoto kikafungwa katika kiti cha tatu chenye mkanda wa pointi tatu, utingo atashangaa, atanung'unika, lakini fedha ataipokea. Heri zaidi ni jamaa mwenye gari dogo kuombwa siku moja, naye achangiwe petroli.

Kuhusu gharama ya kiti chenyewe, nina pendekezo kwa walimu wenzangu. Karibu kila chumba cha walimu kina mfuko wa kusaidiana, na mwenzetu anapojifungua sisi humpelekea beseni, sabuni, na blanketi la sita wakati ana matano. Mfuko huo ununue kiti kimoja cha watoto wachanga, kizunguke kutoka kwa mzazi hadi mzazi. Mtoto hukitumia mwaka mmoja hivi, na shule kubwa haikosi mzazi mpya kila mwaka. Kiandikiwe daftari: nani alikichukua, lini alikirudisha, na je, gari lake liligongwa? Kikiwahi kuwa ndani ya ajali, kitupwe hata kama hakina ufa unaoonekana. Kwa sababu hiyo hiyo sishauri kununua cha mtumba sokoni, maana muuzaji hajui kilikotoka, na plastiki yake huzeeka. Tarehe ya mwisho wa matumizi aghalabu hupigwa chini ya kiti.

Mtakapofika, mtoto huenda atakuwa amelala, na kila mtu atasema asiamshwe, aingizwe nyumbani na kiti chake na awekwe pembeni. Hapana. Atolewe hata akilia, alazwe chali mahali palipo tambarare, kwani kiti kile ni cha gari wala si kitanda. Akiamka, nyanya yu tayari, amejifunga leso safi na kukaa mkekani tangu saa tisa. Huyo na apakate hadi achoke.