Ghuba ya Maine: Ramani ya Samaki Iliyotoka kwa Manahodha

Eneo la kuvulia samaki lina mipaka yake, ingawa juu ya maji hapaonekani chochote. Linaweza kuwa mgongo wa mwamba uliozungukwa na tope, fungu la changarawe linaloinuka kutoka kilindini, au ukingo wa mfereji ambapo mkondo hugonga na kupandisha chakula juu. Anayeshusha mshipi mita mia mbili pembeni huweza kukipandisha chambo chake kama alivyokishusha. Ramani za mabaharia hazimsaidii sana, kwa kuwa zilichorwa kwa ajili ya chombo kinachotaka kupita salama, si kinachotaka kusimama. Zinataja kina na hatari. Mvuvi ana maswali mengine: sakafu ya bahari ni ya nini, mkondo unaelekea wapi maji yanapokupwa, samaki gani huja, mwezi gani, na huondoka lini. Majibu yake yalikaa kwa muda mrefu vichwani mwa manahodha, na kuyahamishia kwenye karatasi ni kazi ya kisayansi yenye mbinu zake.

Kazi hiyo ilifanyika mapema katika Ghuba ya Maine, iliyopo kati ya Cape Cod nchini Marekani na Nova Scotia nchini Kanada. Mwaka 1887 serikali ya Marekani ilitoa, chini ya usimamizi wa George Brown Goode, sehemu ya kitabu chake kikubwa cha uvuvi iliyohusu maeneo ya kuvulia ya Amerika ya Kaskazini. Mhariri wa sehemu hiyo alikuwa Richard Rathbun, na miongoni mwa waliochangia maarifa alikuwa Joseph W. Collins, nahodha wa Gloucester aliyeacha uvuvi akaingia katika utumishi wa Tume ya Samaki. Mwaka 1929 Walter H. Rich, wakala wa Idara ya Uvuvi ya Marekani, alichapisha orodha ya maeneo ya ghuba hiyo, moja baada ya jingine. Mpangilio wake ni mkavu, na manufaa yake yamo katika ukavu huo. Kila eneo lina jina walilolipa wavuvi, umbali na mwelekeo wa dira kutoka rasi au mnara wa taa fulani, urefu na upana kwa maili, kina kwa pima, aina ya sakafu, aina za samaki na majira yao. Pima ya wavuvi hao ni ileile ya manahodha wa Waswahili: mikono miwili iliyonyooshwa, futi sita, yaani mita 1.83.

Samaki aliyewavuta watu wengi zaidi kwenye maji hayo ana shida ya jina katika Kiswahili. Kamusi humwita chewa, lakini chewa wa Mafia na Pemba ni wa ukoo mwingine kabisa, mkaaji wa mapango ya matumbawe katika maji ya uvuguvugu. Kumwita kodi, kwa kufuata matamshi ya Kiingereza, ni kumpeleka kwa mamlaka ya mapato. Katika makala haya anaitwa chewa-baridi, jina ambalo walau linasema anakoishi.

Namba za dira za Rich hazitoshi kumfikisha mtu juu ya mwamba mdogo, na hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Kosa la digrii moja tu ya dira, kwa chombo kilicho kilomita 15 kutoka mnara wa taa, humtupa mvuvi mita 260 nje ya mstari. Dira ya mashua inayoyumba hukosea zaidi ya digrii moja bila aibu. Kwa hiyo wavuvi wa Maine, kama wenzao wa Unguja na Lamu na wa karibu kila pwani duniani, waliiamini dira kwa safari ya kwenda na kurudi, lakini kwa kusimama juu ya samaki waliyaamini macho. Huchaguliwa vitu viwili vya nchi kavu vilivyo katika upande mmoja, kimoja karibu na kingine mbali nyuma yake: jabali la kisiwa na kilele cha mlima, au paa la ghala na mnara wa kanisa. Mashua inasogezwa mpaka cha mbele kinakaa sawasawa juu ya cha nyuma. Tangu hapo chombo kipo kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mstari huo hauhitaji chombo chochote cha kupimia.

Siri yake ni tofauti ya umbali. Mashua ikisogea pembeni kidogo, kitu cha karibu huonekana kukimbia haraka kuliko kitu cha mbali, na jicho hukamata mara moja pengo linalofunguka kati yao. Jicho zima la binadamu hutambua mwachano wa takriban sehemu moja ya sitini ya digrii. Jabali likiwa kilomita 5 kutoka kwenye mashua na mlima kilomita 15, mwachano wa kiasi hicho hutokea baada ya mashua kusogea kando mita mbili na ushee tu. Mawimbi na ukungu huongeza kosa, lakini hata likiongezeka mara kumi bado ni mita ishirini na kitu, dhidi ya mia mbili na sitini za dira. Alama zikikaribiana, ukali huo hupungua: jabali la kilomita 5 lenye mnara nyuma yake katika kilomita 6 tu huhitaji mashua isogee karibu mita 9 kabla ya jicho kuona tofauti. Ndiyo maana nahodha mzuri hutafuta mlima wa nyuma ulio mbali kadiri hali ya hewa inavyoruhusu, na huwa na alama nyingine ya akiba kwa siku ambazo mlima umevaa wingu.

Mstari mmoja husema tu kwamba mwamba upo mahali fulani juu yake. Unatakiwa wa pili, kutoka upande mwingine wa nchi, ili ikatane. Mistari ikikatana kwa pembe ya mraba, kosa hubaki dogo kila upande. Ikikatana kwa pembe nyembamba ya digrii 30, hitilafu ya mstari mmoja humtelezesha mvuvi mara mbili yake juu ya mstari wa pili, na anaweza kuishia kwenye tope. Kwa hiyo eneo lenye jina katika Ghuba ya Maine lilikuwa, kihesabu, jozi mbili za alama zilizochaguliwa kwa pembe nzuri. Watu waliozichagua hawakuandika hata mlinganyo mmoja, na jiometri yao ilikuwa sahihi.

Baada ya alama ilifuata bildi, yaani risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba ya kupimia kina. Kitako cha risasi hiyo kina shimo dogo, na shimo hilo hujazwa shahamu au sabuni. Risasi ikigonga chini, kamba hutoa kina, na shahamu huleta juu punje za sakafu: mchanga mweupe, changarawe, vipande vya gome la kombe, au tope. Shahamu ikirudi safi ikiwa na alama ya kugongwa, chini ni mwamba mtupu. Nahodha aliyezoea aliweza kujua yupo wapi hata katika ukungu mzito kwa kuunganisha kina na kilichonasa kwenye shahamu. Maneno ya Rich kuhusu sakafu za ghuba yana asili hiyo, na ni vipimo halisi.

Vifaa vya umeme vilikuja baadaye, vya kupima kina kwa mwangwi wa sauti na vya kupima mahali kwa redio. Daftari nyingi za wavuvi wa Marekani zilijaa namba za mfumo wa redio wa Loran-C, uliozimwa nchini humo mwaka 2010 baada ya setilaiti kuchukua nafasi. Aliyekuwa hajabadilisha namba zake alibaki na daftari isiyo na bahari. Mlima hauzimwi.

Thamani ya maarifa haya kwa sayansi ilionekana zaidi miaka ya 1990, kupitia Ted Ames, mvuvi wa Stonington, Maine, aliyekuwa pia na shahada ya uzamili ya biokemia. Alitaka kujua chewa-baridi walikuwa wanataga wapi kabla hawajapungua. Swali hilo halijibiwi kwa kuchota maji. Jike mmoja hutoa mayai kwa mamilioni, na mayai huelea, hivyo mkondo huyabeba mbali na mazalio yenyewe. Ushahidi wa mahali ni samaki mkubwa aliyeiva: anapopandishwa, mayai humtoka tumboni kwa kubinywa kidogo, au dume humwaga maziwa yake juu ya sitaha. Mvuvi yeyote wa zamani alilijua hilo, kwa kuwa lilimchafulia chombo kila majira ya kutaga.

Ames aliwaendea manahodha waliostaafu, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara kubwa. Kwa mvuvi anayefanya kazi, jozi zake za alama ni mtaji, na kumwonyesha mtu ni kugawana naye mapato. Mzee aliyeuza mashua hana cha kupoteza. Kila mahali palipotajwa palipimwa: je, chewa-baridi walioiva walionekana hapo, je, kuna shahidi mwingine anayekubaliana, je, kina na aina ya sakafu kwenye ramani za bahari vinafanana na maelezo? Maelezo hayo yaliwekwa sambamba na maandishi ya zamani, orodha ya Rich ikiwamo. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba miaka ya 1920 ghuba hiyo haikuwa na kundi moja la chewa-baridi. Ilikuwa na makundi madogo manne, kila moja na njia zake za kuhama na mazalio yake karibu na pwani. Takriban nusu ya mazalio ya pwani yaliyokuwa hai miaka 50 hadi 70 nyuma yalikuwa yameachwa. Mwaka 2005 Ames alipewa tuzo ya MacArthur. Kumbukumbu za wazee hukosea, bila shaka, hasa kwenye miaka, lakini mahali hukosewa kwa nadra zaidi.

Kwa nini tathmini rasmi hazikuliona hilo? Tangu 1963 meli ya utafiti ya serikali ilikuwa ikikokota wavu kila vuli katika vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, na wastani wake ukatumiwa kukadiria akiba ya eneo lote. Nyavu za kukokota hazipiti vizuri kwenye miamba, wala karibu na pwani palipojaa mitego ya kamba-mti, na huko ndiko mazalio mengi yalikokuwa. Mwenye kucheza bao ataelewa hitilafu hiyo upesi. Mtu asiyejua mchezo akitazama ubao wenye mashimo 32 na kete 64, huhesabu kete za kila upande na kutangaza nani anaongoza. Mchezaji haangalii hivyo. Anaangalia mstari wa mbele, kwa sababu mstari huo ukibaki mtupu mchezo umekwisha, hata kama mstari wa nyuma umejaa kete. Anaangalia pia mashimo yenye kete moja moja, kwa maana kete moja haianzishi mtaji, yaani zamu ya kula kete za mpinzani. Shimo lina kitu, lakini haliwezi kuzaa mchezo. Ghuba ya Maine ilihesabiwa na asiyejua bao. Mafungu ya mbali kama Georges Bank yaliendelea kutoa samaki, jumla ikaonekana ya kuvumilika, huku mashimo ya mbele, yaani mazalio ya pwani, yakikombwa moja baada ya jingine na mengine yakiachiwa samaki wachache wasiotosha kukutana na kutaga. Na chewa-baridi ni mgumu kuliko kete, kwa kuwa wengi hurudi kutaga mahali palepale mwaka hadi mwaka. Shimo likikauka, jirani hawahamii kulijaza kwa haraka.

Ramani ya wazee ilizua pia swali la chakula. Mazalio mengi yaliyokufa yalikuwa karibu na midomo ya mito, na Ames alilihusisha hilo na heringi wa mtoni, ambao mabwawa ya viwanda yaliwazuia kupanda kwenda kuzaa na hivyo kuwanyima chewa-baridi windo lao karibu na pwani. Katika mto Penobscot mabwawa mawili ya chini, Great Works na Veazie, yalianza kubomolewa mwaka 2012 na 2013, na heringi hao wamerudi kwa wingi. Chewa-baridi hawajarudi kwa kiasi hicho.

Kwa miongo mingi serikali ya Marekani iliwahesabu chewa-baridi wa maji yake katika mafungu mawili tu, la Ghuba ya Maine na la Georges Bank. Mwaka 2020 kikundi cha wanasayansi, kwa kutumia vinasaba, alama za kufuatilia samaki na maarifa ya wavuvi, kilieleza kwamba kibiolojia makundi ni matano, na mwaka 2024 tathmini zikafanywa kwa mafungu manne, mashariki ya ghuba ikitengwa na magharibi. Mgawanyo huo unakaribia zaidi ule uliochorwa kutokana na maneno ya wavuvi waliostaafu. Ulikuja miaka 20 baada ya ramani ya Ames na miaka 95 baada ya orodha ya Rich, ambayo muda wote huo ilikuwa maktabani, imechapishwa na serikali ileile.