Kilometa za kwenye dashibodi na kilometa za kwenye stika

Jioni tuliyoleta gari nyumbani, mtoto wetu mdogo alikataa kushuka. Alilala kiti cha nyuma mpaka usingizi ukamchukua, baba yake akambeba kumwingiza ndani. Miaka yote tumekuwa watu wa daladala na bodaboda, na asubuhi za mvua ndizo zilizotufanya tukope Saccos ya kazini kwangu. Shilingi milioni 16, marejesho ya miaka mitatu.

Tulinunua yadi, si kwa mtu. Niliamini kwa mtu ndiko kwenye magari yaliyochoka. Yadini gari limetoka bandarini juzi, viti bado vina nailoni. Kijana wa mauzo alinionyesha dashibodi: kilometa 58,000. “Mama, hii ni kama mpya. Mjapani alikuwa anaendea sokoni tu.”

Mume wangu alitaka tumsubiri fundi wetu, aliyekuwa amesafiri. Mimi ndiye niliyekataa. Kijana alikuwa ameniambia kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu. Huyo mteja wa njiani, nimekuja kugundua, yupo kila yadi hapa Dar es Salaam.

Siku ya 19 gia zikaanza kupiga kishindo zinapobadilika. Siku ya 22 taa ya injini ikawaka. Tulirudi yadini kwa upole, tukiamini watu wenye ofisi na bango kubwa watatusikiliza. Kijana yule yule akauliza ni nani anayeendesha, na anaendeshaje. “Ilitoka hapa nzima.” Kisha akatuonyesha mstari wa mwisho wa karatasi tuliyosaini: gari limeuzwa kama lilivyo.

Mume wangu hakusema “nilikwambia.” Angesema, ningepata pa kujitetea. Alichofanya ni kuamka saa kumi na moja na kwenda kupanda daladala, gari likiwa limeegeshwa mlangoni. Wiki mbili tukaongea mambo ya watoto tu, na kila mwisho wa mwezi makato yalikuwa pale pale kwenye mshahara wangu.

Fundi aliporudi hakuanza na injini. Alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa, akapangusa ukingo wake kwa kitambaa. Kulikuwa na stika ndogo, ile inayobandikwa na gereji za Japani zikibadilisha oili. Maandishi hatukuyaelewa, tarakimu tulizielewa: 112,400. Tarehe yake ilianza na 3, naye akatueleza kuwa ni mwaka wa tatu wa enzi ya Reiwa, iliyoanza 2019, yaani 2021. Gari lililokuwa na kilometa 112,400 mwaka 2021 limefikaje kwetu na 58,000?

Akaendelea kutuonyesha vitu ambavyo hata mimi ningeviona kama nisingekuwa na haraka. Raba ya pedali ya breki imelika upande mmoja, wakati usukani umevishwa ngozi mpya. Akatuuliza kama tuliomba cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje, kwa sababu humo huandikwa kilometa zilizosomwa huko kabla gari halijaondoka. Hatukukiomba. Tulipewa kadi ya gari tukafurahi.

Shemeji yangu, ambaye anafanya kazi mahakamani, alituambia tuache kwenda kugombana, tuandike. Kwa maelezo yake, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mtu aliyekubali mkataba kwa kudanganywa haki ya kuukataa, na maneno “kama lilivyo” hayampi muuzaji ruhusa ya kutaja kilometa za uongo. Ila alituonya pia. Sheria ya mauziano ya bidhaa haimtetei sana mnunuzi aliyelikagua gari mwenyewe, kwa kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzionyesha. Ile pedali niliikanyaga kwa mguu wangu.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Tarehe ya kununua, bei, maneno ya kijana kuhusu kilometa, siku gia zilipoanza, maelezo ya fundi, picha ya stika, nakala ya risiti. Tukaandika tunachotaka, warudishe fedha au watengeneze kwa gharama zao, tukawapa siku 14. Chini tukaandika nakala kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Tuliipeleka kwa mkono, na nakala yetu tukagongewa muhuri wa kupokelewa.

Siku ya tisa simu ililia. Alikuwa mwenye yadi mwenyewe, ambaye hatukuwahi kumwona. Hakukiri kitu, alisema na yeye alilipokea gari likiwa hivyo. Akakubali kubadilisha gia boksi, ufundi tulipe sisi. Kuturudishia tofauti ya bei, alikataa.

Tulikubali. Mume wangu mpaka leo anasema tulikubali mapema, kwamba kesi tungeshinda. Mimi nasema Saccos haisubiri hukumu. Hilo bado tunabishana, lakini sasa tunabishana mezani tukila.

Marejesho yamebaki ya miezi 14. Mwezi uliopita kijana wa kuosha magari alianza kuibandua ile stika kwa kucha, mume wangu akamwahi. Alisema siku tukiliuza, atakayelinunua aikute.