Ndege Zinapobanana Angani

Tarehe 11 Agosti 1955, kundi la ndege za kijeshi za Marekani aina ya C-119 liliruka kutoka Stuttgart, Ujerumani Magharibi, likiwa na askari waliokuwa mazoezini. Hazikufika mbali. Karibu na kijiji cha Edelweiler, injini ya ndege moja ilipata hitilafu. Ndege ikapoteza mwinuko, kisha ikapanda ghafla na kuigonga nyingine. Moja ilikuwa na watu 19, ya pili 47. Wote 66 walikufa.

Vita havikuwepo, wala hakuna aliyezirushia risasi. Kwa nini basi ndege kubwa namna hiyo ziruke zikiwa zimekaribiana, ilhali anga ni pana?

Sababu ni askari waliomo ndani. Ndege zikipita moja moja kwa kuachana sana, askari wa miavuli hutua wametawanyika, na hupoteza saa nyingi wakitafutana huku adui naye akiwatafuta. Hayo yaliwafika Wamarekani huko Normandy, Ufaransa, usiku wa kuamkia Juni 6, 1944. Mawingu na mizinga ya Wajerumani vilivuruga safu za ndege za C-47, na askari wengi wakajikuta mbali na maeneo waliyopangiwa.

Kwenye safu, ndege kiongozi ndiyo hushika njia, kasi na mwinuko, na marubani wa nyuma hulazimika kuikodolea macho muda wote. Hesabu yake haina huruma. Ndege ya mbele ikipunguza kasi kwa kilomita 40 tu kwa saa, ya nyuma huisogelea kwa mita 11 kila sekunde. Nafasi ya mita 100 huisha ndani ya sekunde 9, na katika muda huo rubani anatakiwa aone, aelewe, aamue na ageuze ndege nzito iliyojaa watu.

Hewa nayo ina vituko vyake. Kila bawa huacha nyuma yake mikondo inayozunguka kwa nguvu na kushuka polepole. Ndege inayofuata ikiingia humo inaweza kulazwa ubavu, kwa hiyo marubani wa nyuma hupendelea kukaa juu kidogo ya waliotangulia.

Giza huzidisha ugumu, kwa sababu umbali hukadiriwa kwa taa. Usiku wa Novemba 30, 1992, ndege mbili za C-141, kila moja ikiwa na urefu wa mita 51, ziligongana karibu na mji wa Harlem, jimbo la Montana, Marekani. Zilikuwa katika mazoezi ya kujaza mafuta angani. Wanajeshi 13 walikufa, na hakuna aliyenusurika.

Siku hizi ndege nyingi za kijeshi za kubeba askari zina mitambo inayoonyesha zilipo nyingine hata ndani ya wingu. Rubani asiyemwona tena mwenzake hujitenga mara moja, kwa upande na mwinuko uliokubaliwa kabla ya safari, na kutangaza redioni.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo dawa imekuwa kuachana tu. Ilipokuja ndege ya kubeba askari ya C-17 miaka ya 1990, majaribio yalionyesha kwamba mikondo ya mabawa yake ingeweza kuvuruga miavuli ya askari waliokwisha kuruka. Wamarekani wakalazimika kuongeza nafasi kati ya ndege na ndege, ingawa kushusha kikosi kizima sasa kungechukua muda mrefu zaidi.