Taka za Jabe, udongo wa Mirwa

Mtaro wa Jabe, mtaa wa mji wa Bujumbura, ukizolewa Jumamosi asubuhi, katika kazi za jamii, hutoa vitu vile vile: tope jeusi, chupa za plastiki, kandambili ya mguu mmoja, kokwa za maembe, na mabaki ya mifuko ya nailoni ambayo amri ya rais wa Burundi ya mwaka 2018 iliipiga marufuku. Tope hurundikwa ukingoni kungoja gari. Gari likichelewa, mvua hulirudisha tope lilikotolewa. Mtu anayepita hapo Jumatano ana haki ya kuuliza watu walitoka jasho kwa ajili ya nini. Kazi hiyo ikipimwa kwa wingi wa tope, faida yake ni ya siku chache. Faida inayodumu iko kwa vijana walioshika mabeleshi, lakini iwapo tu yupo wa kuwaonyesha maji ya mtaro yanatoka wapi na yanaishia wapi.

Yanaishia katika Ziwa Tanganyika, ama moja kwa moja, ama kupitia Ntahangwa, mto unaoshuka kutoka milima ya Mirwa na kuukata mji. Mafuta machafu yanayomwagwa kwenye gereji za mtaa wa Buyenzi hayana njia nyingine. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 hivi, na ukubwa huo huwadanganya watu wakadhani linameza kila kitu. Mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, uliopo upande wa Kongo. Maji mengi hupotea kwa kuwa mvuke, na mvuke haubebi plastiki wala oili. Kinachoingia hukaa. Na ni humo Regideso, shirika la maji na umeme, inamochota maji ya mabomba ya Bujumbura, kwa hiyo anayetupa uchafu mtaroni na anayekinga ndoo bombani huenda wakawa wa nyumba moja.

Hata hivyo takataka ni sehemu tu ya tatizo, na hapa ndipo mafundisho mengi ya mazingira yanapoishia njiani. Kinacholiumiza ziwa zaidi upande wetu wa kaskazini ni udongo. Miteremko ya Mirwa ni mikali, inalimwa hadi juu, na miti imepungua; mvua ikipiga, shamba linateremka pamoja na maji. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu za ziwa zinazopokea matope mengi na zile zinazopokea machache, wakakuta kwamba penye matope mengi aina za viumbe, wakiwemo samaki, ni chache zaidi. Madhara si ya samaki tu: usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji na mawe kutoka milimani yaliangukia mitaa ya Kamenge, Kinama na Buterere, yakaua watu zaidi ya 60. Chupa tupu haibomoi nyumba ya mtu. Kijana aliyefundishwa kuokota chupa peke yake amefundishwa nusu.

Nusu iliyobaki haihitaji maabara. Mwalimu achukue vikundi viwili vya wanafunzi siku moja ya mvua, kimoja kijaze chupa angavu maji ya Ntahangwa kabla mto haujaingia mjini, kingine kijaze chini, karibu na mdomo wake, wote wakiwa mahali salama pa kusimama. Chupa zisimame dirishani hadi kesho yake, kisha tope lililotuama lipimwe kwa rula. Somo likirudiwa mara kadhaa, watoto wataanza kubishana wenyewe: tope hili ni la shamba, la kingo zinazomomonyoka, au la wachimba mchanga na mawe? Mabishano hayo yana thamani kuliko bango lolote la “Tunza mazingira”.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya manispaa na ndiyo inayolipwa kodi. Ni kweli, kusomba taka na kujenga mitaro si kazi ya wanafunzi, na kuwapa mabeleshi ili wakubwa wapumzike ni uonevu. Lakini mkazi asiyejua mtaro unaelekea wapi hawezi hata kudai uzibuliwe mahali panapostahili. Pingamizi gumu zaidi ni la tumbo: mchimba mawe wa mtoni na mkulima wa mlimani hawaharibu kwa kupenda, na mtoto wa Jabe hana amri juu yao. Sina jibu jepesi hapa. Ninachoona ni kwamba matuta yanayofuata kontua, yenye majani ya mifugo pembeni, humfaa mkulima kabla hayajatufaa sisi wa bondeni, kwa kuwa udongo unaobaki ni wake. Shule za mjini na za milimani zikipeana vipimo vya chupa zao, angalau watu wa juu na wa chini watazungumza kabla ya maafa.

Basi ratiba ya kazi hizi nayo ifuate mvua. Mitaro izibuliwe mwisho wa kiangazi, Agosti na Septemba, na gari la kusomba tope lihakikishwe kabla beleshi la kwanza halijainuliwa. Miche ya kingo na milima isubiri udongo ulowane. Chupa za kupimia nazo zianze kazi shule zikifunguliwa, kwa sababu mvua za mwanzo, zinapokuta ardhi iko wazi, ndizo zinazoshusha udongo mwingi.