Leso ya Tatu: Funzo Tulilolipata Wodini

Sisi wauguzi wa wodi za uzazi hapa Pwani huambiwa mara nyingi kuwa kazi yetu ni ibada. Suratul Maidah, aya ya 32, inatufahamisha kuwa mwenye kuokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Naye Bibi Rufaida al-Aslamiyya, Mwenyezi Mungu amridhie, aliwatibu majeruhi katika hema lililopigwa msikitini mwa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Leo tunasimulia usiku ambao sisi tulizembea katika amana hiyo.

Ulikuwa usiku wa Ramadhani, nasi tulikuwa wawili kwa wodi nzima. Mama mmoja alikuwa amejifungua salama. Mkwewe, aliyeruhusiwa kukaa naye, alitujia: “Mwanangu, njoo umtazame. Damu yamtoka mno.”

Tulimjibu bila ya kuinua macho: “Ni kawaida, mama. Kila mzazi hutokwa na damu.”

Alirudi mara ya pili, tukamwambia asubiri. Mara ya tatu hakusema neno. Aliiweka leso mezani, juu ya makaratasi yetu. Ilikuwa leso ya tatu, na ilikuwa imerowa chapachapa.

Tulikimbia. Mji wa uzazi ulikuwa laini, haujajikaza. Tuliusugua, tukamchoma sindano ya oksitosini, tukamtundikia maji, tukamwita daktari. Ilipoadhiniwa alfajiri, mama yule alifumbua macho, akamuulizia mwanawe. Alhamdulillahi.

Chuoni tulifundishwa kuwa damu ikizidi nusu lita baada ya kuzaa ni hatari, na kwamba nguo huficha wingi wake. Elimu tulikuwa nayo. Tulilokosa ni kumsikiliza mtu mzima aliyeona kwa macho yake. Asubuhi tulimwendea, tukamwomba radhi. Alisema: “Mimi sikusoma, mwanangu, lakini nimezaa saba.”

Wanavyuoni wanatufundisha kuwa toba ni kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kumrudishia haki yake uliyemdhulumu. Kwetu sisi, azma hiyo ina vitendo. Tukiitwa, twainuka, twafunua shuka na kutazama. Nguo zilizorowa twazipima, kwani kila gramu iliyozidi uzito wa nguo kavu huhesabiwa kuwa mililita moja ya damu.

Nanyi mama zetu na dada zetu, msidhani kila damu ni ya nifasi ya kawaida. Mzazi akirowesha pedi nzima kwa muda wa saa moja, akiona kizunguzungu au moyo kumwenda mbio, muiteni muuguzi. Asipokuja, muiteni tena. Ikiwa mko nyumbani, mpelekeni hospitali papo hapo, hata kama siku nyingi zimepita tangu azae. Wala msione haya kwamba mwatusumbua.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu na watoto wao, na atujaalie sisi tulioaminiwa roho zao masikio yenye kusikia. Amin.