Je, Swichi Yako ya Zamani Itakimudu Kisambazaji Kipya cha Wi-Fi?

Katika maghorofa ya biashara ya Kariakoo, swichi moja ya mtandao iliyofungwa miaka mingi iliyopita huweza kuhudumia visambazaji vya Wi-Fi vya ghorofa kadhaa. Kebo moja hupeleka data na umeme kwa pamoja; utaratibu huo huitwa PoE. Mtumiaji anapobadilisha kisambazaji na kuiacha swichi ileile, kifaa kipya huweza kukataa kuwaka, kufanya kazi kwa nguvu pungufu, au kuzima na kuwaka tena wateja wanapoongezeka. Wengi humlaumu mtoa huduma wa intaneti, au hununua kisambazaji kingine na kukutana na tatizo lilelile.

Chanzo cha tatizo

Kiwango cha PoE cha mwaka 2003, yaani 802.3af, huruhusu swichi kutoa hadi wati 15.4 kwa kila poti. Kwa kuwa umeme hupotea njiani, kifaa huhakikishiwa wati 12.95 tu. Kiwango cha mwaka 2009, yaani 802.3at, huruhusu wati 30, na kifaa huhakikishiwa wati 25.5. Visambazaji vingi vya kisasa huhitaji kiwango hiki cha pili.

Kabla ya kununua, tunakushauri uhakikishe mambo yafuatayo:

1. Mahitaji ya kisambazaji. Soma lebo au maelezo yake: kinahitaji wati ngapi, na kiwango kipi?

2. Uwezo wa kila poti ya swichi. Je, ni 802.3af au 802.3at?

3. Uwezo wa swichi nzima. Swichi yenye jumla ya wati 60 haiwezi kulisha visambazaji vinane vya wati 12 kila kimoja, kwani mahitaji yao ni wati 96, hata kama poti zake ni nane.

4. Aina ya umeme. Baadhi ya visambazaji hutumia volti 24 zinazotumwa bila kifaa kutambuliwa kwanza. Swichi ya kiwango cha 802.3af haitaviwasha.

5. Kebo. Isizidi mita 100, na iwe ya shaba halisi. Alumini iliyopakwa shaba hupoteza umeme zaidi.

Si lazima kununua swichi mpya

Iwapo tatizo ni uwezo wa swichi, injekta ya PoE yenye kiwango kinachotakiwa, ikifungwa kati ya swichi na kisambazaji, hutosha. Kila kisambazaji huhitaji injekta yake.

Unaponunua

Mweleze muuzaji aina ya swichi uliyonayo, na umwombe aandike kwenye risiti jina kamili la kifaa na muda wa dhamana. Hakikisha kifaa kimeidhinishwa na TCRA. Dai risiti ya EFD na uitunze, kwani bila hiyo ni vigumu kuthibitisha madai yako mbele ya muuzaji au Tume ya Ushindani.