Matembezi Katika Mji Mkongwe wa Unguja



Wahenga walisema, tembea uone. Na kabla ya wahenga, Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimekwisha kutuamrisha mahali pengi tusafiri katika ardhi, tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niwaeleze wasomaji, hasa vijana, habari za matembezi ya siku moja, na jambo ambalo matembezi hayo yalinifunulia katika nyumba yangu mwenyewe.

Sisi wakazi wa Igurwa, katika wilaya ya Karagwe, tuko mbali na bahari. Atokaye kwetu huvuka nchi nzima kwa basi, mchana na usiku, kabla hajaiona pwani. Basi nilipoalikwa arusi ya jamaa Dar es Salaam, nikafuatana na watoto wawili wa dada yangu, mmoja mwanamume na mmoja binti, niliona si haki kuwarudisha nyumbani pasipo kuwavusha hadi Unguja. Tulipanda boti asubuhi, na kwa muda kama wa saa mbili tukawa tumefika bandari ya Malindi.

Hapo tulimpata mwongozaji, mzee wa makamo yangu, amevaa kanzu na kofia ya viua, naye ana kibali cha kutembeza wageni. Baada ya kutupokea na kutuuliza habari za bara, alisema, "Sheikh, mji huu hautazamwi kwa haraka. Nitakuonyesheni mazuri yake na mabaya yake. Naomba msinitake nifiche lolote katika hayo mawili." Nikamjibu, "Tuonyeshe yote." Sikujua kwamba jibu hilo litanirudia kabla ya jua kuzama.

Tulianzia hapo hapo Malindi, penye msikiti wa kale ambao mnara wake una umbo la pia, mfano ambao ni nadra kuonekana katika Afrika ya Mashariki. Kisha tukaifuata pwani hadi Forodhani. Hapo iko Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash bin Said katika mwaka wa 1883. Jumba hilo lilisimama miaka zaidi ya mia, na watu wa mataifa mengi walilistaajabia; lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, na watu wawili wakafa. Mji wote huu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka wa 2000. Hata hivyo, mzee wetu alisema, "Kuandikwa ni karatasi. Nyumba ya mawe na chokaa hutaka mkono wa fundi kila mwaka. Ukiisahau, nayo hukusahau."

Tulipoingia Shangani njia zikawa nyembamba, hata mtu akinyoosha mikono hugusa kuta za pande mbili. Milango ni ya mbao zilizochongwa, mingine imepigwa misumari mikubwa ya shaba, na mbele ya nyumba ziko baraza za mawe ambazo wazee huketi kuzungumza. Hapo tulionyeshwa nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, mfanya biashara mkubwa wa pembe na watumwa, aliyefika mpaka ndani ya Kongo, na akafariki mjini humu mwaka wa 1905.

Kutoka hapo tukaenda Ukutani. Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa chuo na shule ya msingi tu, wala sikupata elimu kubwa. Lakini miguu yangu ilikuwa mizito mahali hapo kwa heshima. Hapa ndipo alipokuwa akisomesha Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu, rafiki na mwanafunzi wa Sayyid Ahmad bin Sumait, Kadhi mashuhuri wa Unguja. Wote wawili walifariki katika mwaka mmoja, 1925. Wanafunzi waliwajia kutoka pwani yote na kutoka visiwani, na elimu yao ikatawanyika hata bara. Niliwaambia watoto, "Alif ba mliyoisoma Igurwa ilipita katika vichochoro hivi." Nao wakafurahi.

Kisha tukafika Mkunazini, na furaha ikatutoka.

Mahali hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ilitakiwa mikono mingi ya kazi, na ng'ambo ya bahari wanunuzi walikuwapo pia. Kwa hiyo watu walitekwa au wakanunuliwa bara, wakaletwa hapa wakanadiwa. Soko lilifungwa mwaka wa 1873, Sayyid Barghash alipotia sahihi mkataba kwa kulazimishwa na Waingereza, na mwaka huo huo ukaanza ujenzi wa kanisa la Kianglikana lililoko hapo hata leo. Utumwa wenyewe haukufutwa katika sheria ya Unguja ila mwaka wa 1897, na kwetu Tanganyika mpaka mwaka wa 1922. Karibu na kanisa liko shimo, na ndani yake sanamu za watu watano, shingoni mwao minyororo, lililowekwa mwaka wa 1998 kuwa ukumbusho.

Binti aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia akauliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, hawa waliouza watu, ndio waliotuletea dini?"

Nikamtazama mwongozaji, naye akatazama chini. Lililo mdomoni mwangu lilikuwa jibu ambalo nimelitoa chuoni miaka mingi: kwamba Wazungu nao walifanya biashara hiyo, tena kwa wingi, kwamba na machifu wa bara waliuza raia zao. Maneno hayo ni kweli. Lakini mtoto hakuniuliza habari za Wazungu wala za machifu. Nikamwambia, "Ngoja tukaswali, kisha nitakujibu."

Baada ya adhuhuri tuliketi barazani, nikawaeleza habari za mtu mmoja wa kwetu. Katika Karagwe yetu, si mbali na Bweranyange yalipokuwa makao ya Omukama Rumanyika, pako mahali paitwapo Kafuro. Hapo walikuwa na kituo wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka Unguja kwa njia ya Tabora. Mmoja wao ni Ahmed bin Ibrahim. Huyu ndiye ambaye mwaka wa 1844, alipokuwa Buganda, alisimama mbele ya Kabaka Suna aliyekuwa akiamuru watu wauawe, akamwambia ya kwamba watu hao wameumbwa na Mungu yule yule aliyemuumba yeye na kumpa ufalme, na kuwaua ni dhambi. Mgeni asiye na jeshi kumwambia mfalme maneno hayo ni ushujaa mkubwa, na kwa maneno hayo habari za Uislamu zilianza kusikika Buganda. Lakini mwaka wa 1876 Stanley alifika Kafuro, akaorodhesha mali ya Ahmed huyo huyo: pembe 450, ng'ombe 150, na watumwa 100.

"Yote mawili ni kweli," nikawaambia. "Dini ilikuja na mizigo ya watu, na watu wana mikono misafi na michafu. Yaliyo mazuri tuliyapokea. Yaliyo mabaya tusiyapambe. Kitabu kimekufanya kumkomboa mtumwa kuwa ni kupanda mlima wa wema, na kikatenga fungu katika zaka kwa kazi hiyo. Na Mtume (S.A.W.) ametupa habari kwamba wako watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Basi dini ndiyo inayowahukumu wauzaji. Wauzaji hawaihukumu dini."

Binti akanyamaza kidogo. Hadithi hiyo ameisoma kwangu mwenyewe. Akasema, "Mjomba, na wa tatu ni yule aliyemwajiri mtu, akamaliza kazi yake, asimpe ujira wake."

Hakukusudia kunichoma, alikuwa akikamilisha somo. Lakini mimi niliona uso wa kijana anayechunga ng'ombe wangu Igurwa, ambaye nilikuwa nimekaa na ujira wake wa miezi miwili nikimwambia subiri, huku nauli ya arusi na ya boti nimeipata. Sikuweza kumjibu neno. Usiku ule, kabla sijalala, nilimpigia simu ndugu yangu aliyeko nyumbani, akauza mbuzi mmoja katika mbuzi wangu, akamlipa kijana haki yake yote. Niliporudi nilimwomba radhi mbele ya watu wa nyumba.

Enyi wazee na vijana, mkipata wasaa nendeni Mji Mkongwe. Vaeni mavazi ya heshima, salimuni walioko barazani, ulizeni kabla ya kupiga picha, na mchukueni mwongozaji mwenye kibali asiyeficha. Asiyeweza kufika Unguja, na aende kwa miguu hadi Kafuro na Bweranyange pamoja na mzee anayejua, ayaandike anayoambiwa kabla wazee hawajaondoka. Na arudipo nyumbani, awatazame mchunga wake na binti anayemsaidia jikoni, kisha ajiulize kama wanalala wakiwa na haki yao mkononi. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka wa 1873; soko lililo ndani ya nyumba zetu hufungwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.